Steve Dalkowski: straiki 262, besi za bure 262, na Ligi Kuu hakufika. Kwa nini?

Karani wa Takwimu aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Napitia rekodi za besiboli ya Marekani za miaka ya 1950 na 1960, zile za ligi ndogo, na kuna mtu mmoja simwelewi kabisa. Anaitwa Steve Dalkowski, mrushaji wa mkono wa kushoto, mali ya Baltimore Orioles, timu ya Ligi Kuu (ligi ya juu kabisa ya besiboli huko Marekani). Mwaka 1960 akiwa Stockton, California, alirusha iningi 170 (mechi nzima ni iningi 9, na iningi moja inaisha mrushaji akishatoa wapigaji watatu). Aliwatoa wapigaji 262 kwa straiki tatu (mpigaji anakosa, au anaacha mpira mzuri upite, mara tatu), na akawapa besi ya bure wapigaji 262 (mrushaji akikosa shabaha mara nne, mpigaji anakwenda besi ya kwanza bila kupiga). Sijakosea kunakili, ni namba hiyo hiyo mara mbili.

Wapo wanaodai hajatokea mrushaji mwenye kasi kumshinda, lakini Ligi Kuu hana hata iningi moja. Nisaidieni mambo matatu. Namba zake zisomwe vipi? Hiyo kasi iliwahi kupimwa kweli au ni porojo za vijiweni? Na kama mkono ulikuwa wa namna hiyo, ni nini hasa kilimzuia kupanda?

Naomba majibu yenye miaka na hesabu. Hadithi za mpira uliotoboa ukuta nimeshazisoma za kutosha.

Shoto wa Ilala alijibu:

Mkuu, anza na mkataba, maana ndio unaoeleza kwa nini alianzia chini kabisa. Dalkowski alizaliwa 3 Juni 1939 huko New Britain, Connecticut. Alipomaliza sekondari mwaka 1957, Orioles walimsainisha kwa dola 4,000. Kiasi hicho hakikuja kwa bahati. Kanuni ya wakati ule ilisema kijana akilipwa zaidi ya dola 4,000 za kusaini, klabu lazima imweke kwenye kikosi cha Ligi Kuu kwa misimu miwili. Ukimlipa 4,000 kamili unakuwa huru kumpeleka unakotaka. Wakampeleka Kingsport, Tennessee, ligi ya daraja D, ambalo ndilo la mwisho.

Sasa namba. Kosa la wengi ni kusoma jumla ya msimu. Jumla inadanganya kwa sababu misimu yake haikuwa na urefu sawa. Badilisha kila kitu kiwe kwa iningi 9: chukua idadi, zidisha kwa 9, gawanya kwa iningi alizorusha.

Kingsport 1957 alirusha iningi 62, straiki (yaani waliotolewa kwa straiki tatu) 121, besi za bure 129. Hiyo ni 17.6 kwa 18.7. Juu ya hapo kuna mipira 39 iliyompita mdakaji kabisa. Alishinda mechi 1 akapoteza 8. Stockton 1960, ile uliyoitaja, inatoka 13.9 kwa 13.9. Mwaka 1961 kule Tri-City, jimbo la Washington, iningi 103, straiki 150, besi za bure 196: yaani 13.1 kwa 17.1, na alikuwa akifungwa wastani wa mikimbio 8.39 kwa iningi 9. Hapo ndipo wengi walipomkatia tamaa. Halafu inakuja Elmira, New York, 1962: iningi 160, straiki 192, besi za bure 114. Ukipiga hesabu ni 10.8 kwa 6.4, wastani wa kufungwa 3.04, na mechi 6 alizomaliza mwenyewe bila kufungwa mkimbio hata mmoja.

Angalia hizo namba za Elmira tena. Besi za bure zimeshuka hadi karibu theluthi moja ya mwaka uliotangulia, lakini na straiki nazo zimeshuka. Jibu la swali lako la tatu linaanzia hapo.

Kwa waliozoea kriketi ya Nairobi au Kampala: "wide" inakugharimu mkimbio mmoja na mpira unarudiwa, basi. Huku boli nne (mipira inayopita nje ya eneo la kupigwa) zinampa mpigaji besi nzima, na boli nne nyingine zinamsogeza wa kwanza mbele. Mrushaji anayetoa besi 17 za bure kwa mechi anaweza kupoteza bila mpinzani kupiga chochote cha maana. Agosti 1957 dhidi ya Bluefield ilimtokea karibu hivyo: aliwatoa 24 kwa straiki, akatoa besi za bure 18, akawagonga wapigaji 4, mipira 6 ikampita mdakaji, akapoteza 8 kwa 4. Straiki tatu inahitaji mipira isiyopungua mitatu na besi ya bure isiyopungua minne, kwa hiyo wapigaji hao 42 peke yao ni mipira 144 kwa uchache kabisa. Uhalisia lazima ulikuwa mbali juu ya hapo, kwa kuwa hakuna anayetoa watu 24 kwa mipira mitatu mitatu. Leo mrushaji akifika 100 kocha tayari yuko kwenye simu ya benchi. Huyu alikuwa na miaka 18.

Fundi Rada alijibu:

Nachukua swali la pili. Kasi ilipimwa, mara moja, mwaka 1958, kwa vifaa vya jeshi kwenye uwanja wa majaribio ya silaha wa Aberdeen Proving Ground, jimbo la Maryland. Tahadhari ndogo: baadaye alichezea timu ya Aberdeen, lakini hiyo ni Aberdeen ya South Dakota. Ukitafuta rekodi zake utakuta watu wanazichanganya.

Kipimo kilitoka maili 93.5 kwa saa, kama kilomita 150. Mtu akisoma hivyo anasema ah, wa kawaida tu. Ila tazama mazingira yake.

Kwanza, alikuwa amecheza mechi jana yake. Pili, alirushia mahali pa bapa. Mrushaji wa kweli husimama juu ya tuta, na enzi hizo kanuni iliruhusu tuta la hadi inchi 15, yaani sentimita 38. Ilishushwa hadi inchi 10 kuanzia msimu wa 1969. Ule mteremko humsaidia mrushaji kuuweka uzito wa mwili nyuma ya mkono, na ukimwondolea unampunguzia kasi. Tatu, kifaa kilihitaji mpira upite kwenye nafasi ndogo ndipo kisome, naye kulenga ndiko kulikokuwa tatizo lake. Alirusha kwa kama dakika 40 kabla mmoja haujapita panapotakiwa. Kipimo kile ni cha mkono uliochoka na ambao pengine ulishaanza kupunguza nguvu ili upate shabaha.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, kilisoma mpira ukiwa umebakiza futi chache kufika kwenye pleti, yaani kibao kilicho chini pale anaposimama mpigaji. Vipimo vya leo husoma mpira unapotoka mkononi. Hewa huukata mpira njiani: kutoka mkononi hadi kwenye pleti hupoteza kama asilimia 8 hadi 9 ya kasi. Kwa hiyo 93.5 mwishoni ni kama 102 mkononi. Ongeza uchovu na ukosefu wa tuta, fika unapoona panafaa, lakini usipitilize.

Kwa kulinganisha, kasi kubwa kuliko zote zilizopimwa kwenye Ligi Kuu ni ya mrushaji Aroldis Chapman, Septemba 2010. Ilitangazwa 105.1, kisha ikarekebishwa kuwa 105.8 vipimo vilipobadilishwa kusoma karibu zaidi na mkono. Umeona jinsi mahali pa kusomea peke yake panavyobadilisha namba, hata kwa mitambo ya kisasa?

Ninavyoona mimi, 102 hadi 105 inatetewa na hesabu. Zaidi ya hapo ni mapenzi tu.

Mzee wa Glovu alijibu:

Fundi, naona unambania. Cal Ripken mkubwa, mdakaji wa ligi ndogo za Orioles, alimdaka mwenyewe, na alikadiria maili 110 hadi 115. Mdakaji si mtu wa pembeni, mpira unaishia kiganjani mwake.

Fundi Rada alijibu:

Mzee wangu, Ripken namheshimu, ila kiganja hakisomi maili. Mdakaji anahisi msukumo, na anahisi zaidi pale asipojua mpira unakwenda wapi. Ukipokea mpira wa 100 ulioutarajia, glovu ipo tayari. Ukipokea wa 100 uliopanda ghafla kichwani, utaapa ni 120. Mpigaji naye ni vilevile, kwa kasi hiyo ana kama sehemu nne za kumi za sekunde tangu mpira kutoka mkononi, na muda huo anautumia kuamua aupige au akwepe. Sehemu kubwa ya zile straiki za 1957 na 1960 ni watu waliotaka kuondoka pale salama. Ndiyo maana alipoanza kulenga sawasawa, straiki hazikupanda.

Na fanya hesabu ya kurudi nyuma: ili iwe 115 mkononi, kifaa cha Aberdeen kingetakiwa kusoma kama 105 karibu na pleti. Uchovu na tuta haviwezi kula maili 11 au 12 zote hizo.

Karani wa Takwimu aliandika:

Shukrani wakuu, hapo kwenye sehemu ya kusomea nimeelewa. Sasa nirudi Elmira. Mtu ametoka besi 17 za bure kwa mechi hadi 6 ndani ya mwaka mmoja. Walimfanyia nini? Na je, 6.4 ilitosha kwa Ligi Kuu au bado?

Shoto wa Ilala alijibu:

Elmira kocha alikuwa Earl Weaver, yule yule aliyekuja kuipa Orioles ubingwa wa 1970. Alishamfahamu Dalkowski, maana alimfundisha Aberdeen ya South Dakota mwaka 1959.

Kwanza elewa ugumu wenyewe. Pleti ina upana wa inchi 17, sentimita 43. Kibao cha mrushaji kiko futi 60 na inchi 6 kutoka hapo, lakini kwa kuwa anapiga hatua mbele, mpira unaachiwa kama futi 54 au 55. Kwa umbali huo, kosa la nyuzi moja tu kwenye mwelekeo linasogeza mpira inchi 11. Kutoka katikati ya pleti hadi ukingoni ni inchi 8 na nusu. Maana yake kosa la nyuzi moja limeshakutoa nje. Na mkono unavyozunguka kwa kasi zaidi, ndivyo muda wa kuachia mpira katika pembe sahihi unavyozidi kuwa mfupi. Kwa hiyo kasi na shabaha vinagombea kitu kimoja, zile sehemu za elfu za sekunde za vidole kuachia.

Kabla ya Weaver, kila mwalimu alikuja na dawa yake. Paul Richards, meneja wa Orioles, na wasaidizi wake walimbadilishia mwendo, wakamrushisha hadi achoke, wakamwekea shabaha za kulenga, wakamsimamishia wapigaji pande zote mbili za pleti. Kila dawa ilikuwa na mantiki yake peke yake. Zikijumlishwa, kijana anapanda kwenye tuta akiwa na maelekezo matano kichwani.

Weaver alienda kinyume. Aliwapima wachezaji wake kwa mtihani wa akili (IQ), akaona Dalkowski anachanganywa na maneno mengi, akaamua kupunguza. Mipira ikabaki ya aina mbili tu: wa kasi na slaida, ule unaopinda pembeni mwishoni. Lengo likabaki moja: katikati ya pleti, usitafute kona. Na asirushe kwa nguvu zote. Mpigaji akifikisha straiki mbili, Weaver anapiga mluzi kutoka benchi, na mluzi huo maana yake ni ruhusa, sasa rusha ulivyojaaliwa.

Kiutendaji hilo ni jambo la akili sana. Mipira miwili au mitatu ya kwanza inakwenda kwa nguvu pungufu, yaani kasi ambayo bado wengi hawaipigi vizuri lakini pembe ya kuachia inarudi ilipo. Ule wa kasi kamili unatumika pale ambapo hata ukienda nje una boli za kupoteza. Shabaha ya ajabu hakuipata hata hapo. Idadi ya nyakati alizohitaji kubahatisha ndiyo iliyopunguzwa.

Je, 6.4 inatosha? Bado ni nyingi, lakini haikatai mtu. Nolan Ryan, mrushaji mwingine maarufu kwa kasi, mwaka 1977 alitoa besi za bure 204 kwa iningi 299, ambayo ni 6.1 kwa iningi 9, na akashinda mechi 19. Tofauti ni kwamba Ryan alifanya hivyo Ligi Kuu na Dalkowski alifanya ligi ya daraja A. Bado, mtu wa miaka 23, shoto, mwenye mwelekeo unaopanda, klabu yoyote ingemjaribu. Orioles nao walikuwa na nia hiyo. Kampuni ya Topps, wachapaji wa kadi za wachezaji, ilishamchapa kwenye kadi ya chipukizi ya 1963, sura nne kwenye kadi moja, ya kwake ikiwemo.

Kiwiko alijibu:

Naendelea hapo alipoishia Shoto, kwa kuwa kilichomzuia mwishoni hakikuwa besi za bure.

Machi 1963, mechi za maandalizi kabla ya msimu, Orioles dhidi ya Yankees. Dalkowski anarusha vizuri. Kitu kinakatika kwenye kiwiko cha kushoto. Wapo wanaosema ilikuwa slaida aliyomrushia Phil Linz wa Yankees, na wapo wanaosema aliokota mpira mfupi, uliogongwa kidogo tu kwa makusudi, wa Jim Bouton, naye wa Yankees, akautupa besi ya kwanza akiwa hajajipanga. Maelezo yote mawili yanaingia akilini kiufundi. Slaida inataka kiganja kikate upande wa mpira mwishoni, na wengi huikazia kiwiko. Kuokota mpira mfupi na kuutupa ukiwa umejipinda kunaondoa miguu na kiuno kwenye kazi, mzigo wote unabaki kwenye mkono.

Jeraha lilielezwa kama mkazo mkali wa misuli. Kumbuka kipimo cha MRI, kinachoonyesha misuli na kano, hakikuwepo. Picha ya eksirei inaonyesha mfupa, haionyeshi kano. Matibabu ya wakati ule yalikuwa kupumzisha, joto, sindano ya kotisoni, kisha jaribu tena. Kama ni msuli tu, unapona. Kama ni ile kano ya upande wa ndani wa kiwiko, inayozuia mkono wa chini usifunguke kwenda nje wakati wa kurusha, haijirudishi kwa kupumzika. Maumivu yanapungua, mtu anarusha, lakini kiwiko kimelegea na ile kasi ya juu haipatikani tena.

Upasuaji wa kubadilisha kano hiyo ulifanywa mara ya kwanza Septemba 1974, Dakta Frank Jobe akimtibu Tommy John wa Dodgers, naye shoto. Alichukua ukano mwembamba wa mkono wa kulia, ambao mwili unaweza kuishi bila huo, akaupitisha kwenye matundu aliyotoboa kwenye mifupa ya kiwiko cha kushoto. John alikosa msimu wote wa 1975, akarudi 1976, akarusha hadi 1989 na kushinda mechi 164 baada ya kisu. Dalkowski aliumia miaka 11 kabla ya hapo.

Alirudi kurusha, ila kasi haikurudi naye. Na sasa fikiria mtego uliomkamata: mbinu ya Weaver ilijengwa juu ya akiba. Rusha pungufu, kwa sababu ukihitaji una zaidi. Akiba ikishaondoka, mluzi hauna cha kuita. Orioles walimwachia 1964, akapita kwenye ligi ndogo za Pirates, kisha za Angels, akamalizia 1965. Jumla ya maisha yake ya uwanjani ni mechi 46 alizoshinda na 80 alizopoteza, straiki zaidi ya 1,300 na besi za bure zaidi ya 1,200, katika iningi zisizofika 1,000.

Mzee wa Glovu alijibu:

Hapo kwenye akiba umenikamata, mkuu. Sijawahi kuiangalia hivyo.

Lakini msisahau pombe. Alikuwa mnywaji tangu ujana, na ligi zile za mabasi na hoteli za bei poa hazikumsaidia mtu wa hivyo. Klabu zilimwekea vijana wa kulala naye chumba kimoja wamchunge, haikufua dafu.

Kiwiko alijibu:

Ni kweli, na ilimmaliza baada ya mpira kuliko wakati wa mpira. Alibaki California akifanya vibarua vya mashambani katika bonde la San Joaquin kwa miaka mingi. Ulevi ulimharibu kumbukumbu. Mwaka 1994 familia ilimrudisha New Britain, akaishi kwenye nyumba ya kulelea wagonjwa, na huko akaacha pombe. Septemba 2003 Orioles walimwalika arushe mpira wa ufunguzi uwanjani Camden Yards, na 2009 aliingizwa kwenye orodha ya heshima ya Baseball Reliquary, taasisi ya historia ya besiboli huko California. Alifariki 19 Aprili 2020 kwa UVIKO-19, miaka 80.

Karani wa Takwimu aliandika:

Swali la mwisho, la kikaratasi tu. Miaka tisa ya kulipwa kama mchezaji, hakuwa na pensheni?

Shoto wa Ilala alijibu:

Hapana. Pensheni ya wachezaji inahesabu siku za kuwa kwenye kikosi cha Ligi Kuu wakati wa msimu rasmi. Mechi za maandalizi za Machi hazihesabiwi, hata ukizirusha ukiwa na jezi ya timu ya kwanza. Leo siku 43 kikosini zinakupa haki ya pensheni ya kiwango cha chini, na siku moja tu inakupa haki ya bima ya afya. Enzi zake masharti yalikuwa ya miaka, si siku, lakini kwake ilikuwa haina tofauti: hesabu yake ni sifuri. Angeumia Aprili akiwa amesajiliwa kikosini, klabu ingelazimika kuendelea kumlipa mshahara wa Ligi Kuu akiwa majeruhi, na siku zake zingeanza kuhesabiwa. Aliumia Machi.